Mama Mlezi wa Safu ya Nne

Katika mji wa Prosser, kwenye nyanda za Saskatchewan, hakuna aliyethubutu kumwita Marlys Wiebe mmbea mbele ya uso wake. Walimwita mama mlezi. Kila msimu wa hoki ya barafuni timu ya vijana ya mji huo ilikusanya watoto wa watu kutoka miji ya mbali, wengine hawajui hata kufua soksi, na kila mmoja alipewa nyumba ya kulala na mama wa kumpikia. Marlys alianza kazi hiyo mwaka ule binti yake wa mwisho alipoolewa akahamia Calgary. Alitazama chumba cha chini kilivyobaki kitupu, akamtazama mume wake Cliff, mtu wa kukaa kutwa nzima bila kutoa neno, akaona atakufa kwa upweke. Wanawake wengine wa Prosser wakifikia hapo hufuga kuku. Yeye akafuga wacheza hoki.

Aliwafuga vizuri, hilo tusimnyime. Aliwapikia perogi za viazi na jibini mpaka wakalegeza mikanda, akawafulia jezi zilizonuka kama mbwa aliyenyeshewa, akawagombeza wakichelewa kurudi. Nao wakamwita Mama. Barafu ikiyeyuka waliondoka, naye alilia kidogo kisha akabadili mashuka.

Ila kupika tu hakukumtosha. Alitaka watoto wale wafike mbali, na alitaka ijulikane kwamba walipitia nyumbani kwake. Sebuleni alikuwa na picha zao. Waliopata mikataba ya kulipwa walitundikwa juu ya televisheni, wamekaa safi ndani ya fremu. Waliorudi makwao kulisha nguruwe au kuingia mgodini walitundikwa kwenye korido ya kwenda chooni. Hakuwahi kuona ubaya wowote katika mpango huo.

Aliyeamua nani atundikwe wapi alikuwa Gord Pasloski. Huyu alikuwa msaka vipaji wa timu moja ya ligi kuu, mzee mwenye tumbo na goti bovu, ambaye alizunguka miji yote ya nyanda hizo kwa gari lake akitazama watoto wa watu wakigongana. Enzi zake alicheza ligi kuu msimu mmoja na kipande, safu ya nne, ile ya mwisho kabisa, na meno yake ya mbele yalibaki huko. Kila akija Prosser alitazama mechi Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa alikuja kunywa kahawa jikoni kwa Marlys.

"Nyota hata kipofu anamwona," alimwambia siku ya kwanza, akijichotea krimu. "Kwa nyota hawanihitaji mimi. Mimi wananituma nikatafute wale wa kujazia. Mtoto wa kuingia uwanjani nusu dakika, apigwe, azuie kwa mbavu zake kile kisahani cha raba wanachogombania, arudi kukaa benchi, na asinune."

"Sasa si uwachukue hawa hawa wafungaji wetu, uwafanye wa kujazia?"

"Bibie, sikiliza. Huyu wa kwenu hapa anafunga mpaka mnamwimbia. Kule juu nafasi za kufunga zina wenyewe. Kwa hiyo namuuliza, usipofunga una kazi gani nyingine? Hana! Hajui kukaba, hajui kupigwa, hajawahi kukaa benchi tangu azaliwe. Ukimwambia aingie safu ya nne anaona umemtukana mama yake."

Ndiyo maana Gord hakuwatazama vijana wakifunga. Aliwatazama timu yao ikiwa imeshafungwa matano, aone nani bado anarudi nyuma kukaba na nani anateleza tu akingoja filimbi. Alitazama kijana anavyokaa kocha akimruka zamu. Alitazama magoti, mapaja, na baba za watoto pia, maana baba mfupi mwenye kelele alimtosha kumfuta mtoto mrefu mwenye adabu. Halafu alikuja jikoni kumalizia.

"Uwanjani wote wanaigiza, wanajua nipo," alisema. "Kwako hapa hawaigizi. Niambie, huyu Evan yukoje?"

Evan Toews alikuwa mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye miguu ya moto, na Marlys alimpenda sana. Akammwagia sifa. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anampigia mama yake kila jioni. Mbwa wetu wa zamani alipokufa alilia kuliko mimi, Gord, nikambembeleza kama mtoto mchanga. Gord akanywa kahawa yake, akashukuru, akaenda zake, na Evan hakusikia chochote kutoka kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata Marlys aliuliza kwa nini.

"Wewe si uliniambia alimlilia mbwa?" Gord akashangaa. "Marlys, mtu anayemlilia mbwa, nikimweka katika mji asioujua, mwezi wa pili, wiki tatu hachezi, kocha hata salamu hampi, huyo si atajinyonga kwenye bomba la bafu?"

Alisema hivyo akiwa na pai mdomoni. Evan akahamishiwa korido ya chooni.

Mwanamke mwingine angemfukuza mzee yule na kahawa yake. Marlys akajifunza. Alielewa kwamba maneno ya jikoni kwake yana uzito kuliko magoli, na kwamba wema machoni pa Gord ni ugonjwa. Alipokuja kijana mwingine, Bobby Krahn, asiye na kipaji cha maana, Marlys alimwambia Gord jinsi Bobby alivyocheza michezo ya mtoano kidole cha mguu kimevunjika, akijaza damu kiatuni na kuificha soksi chini ya godoro. Gord alicheka hadi machozi yakamtoka. Bobby akapata mkataba. Hadi leo yuko juu ya televisheni.

Basi akaja Dalton Hnatiuk.

Dalton alitoka karibu na mpaka wa Manitoba, kwa mama aitwaye Lesia na baba wa kambo mwenye mabanda ya nguruwe. Alikuwa na shingo nene, uso wa kawaida, na hakufunga magoli. Kazi yake ilikuwa kuingia wakati wengine wamechoka na kujilaza mbele ya kisahani. Watu wa Prosser walimwita Godoro. Yeye alicheka pamoja nao. Alikaa kwa Marlys misimu mitatu, akamrekebishia mlango wa gereji, akacheza karata na Cliff bila kuongea, jambo ambalo kwa Cliff lilikuwa urafiki mkubwa. Sasa alikuwa anatimiza miaka ishirini, umri wa mwisho katika timu za vijana. Msimu ule ukiisha bila mkataba, hoki imekwisha, kilichobaki ni nguruwe. Hilo alilijua yeye, alilijua Marlys, na Marlys alikuwa ameshanunua fremu.

Wiki moja kabla ya Gord kuja, beki mmoja mkubwa wa timu ya ugenini alimvaa Dalton kwa nyuma, akamkita uso kwenye ubao wa ukingo. Dalton akainuka haraka, kama alivyofundishwa. Refa hakuona kitu, kocha hakuona kitu, na Godoro kuanguka haikuwa habari.

Jioni ile mezani alivaa miwani ya jua.

"Hiyo nini tena, umekuwa mwimbaji?" Marlys akamtania.

"Mama, naomba uzime taa hiyo."

Akazima. Dalton alikula vijiko viwili, akainuka, akachukua paketi ya maziwa akaiweka ndani ya oveni na kufunga mlango wake taratibu. Kisha akainama kumpapasa mbwa, akamwita Laddie. Mbwa wa nyumba ile aliitwa Biscuit. Laddie alikuwa mbwa wa kwao Dalton, aliyekufa Dalton akiwa darasa la pili. Cliff akaweka uma chini akamtazama mke wake. Dalton alishuka chumbani kwake, na punde wakamsikia anatapika kwenye ndoo ya kufulia.

Sheria ya walezi ilikuwa wazi, na Marlys alikuwa ameitia sahihi kila mwaka: kijana akigongwa kichwa, daktari wa timu aambiwe siku hiyo hiyo. Alishuka na simu mkononi.

"Mama, usinifanyie hivyo," Dalton akasema. Alikuwa amelala sakafuni, mkono juu ya macho. "Gord anakuja Jumamosi. Wakiniweka nje sasa hivi ndio basi. Nitazoa mavi ya nguruwe mpaka nizeeke."

"Na kichwa je, mwanangu?"

"Kitapona. Kwani safu ya nne kichwa kina kazi gani?"

Marlys akacheka. Alikaa ngazini akacheka mpaka akajifuta macho, na alipomaliza kucheka simu ilikuwa imesharudi mfukoni. Akaziba dirisha la chumba kwa blanketi. Akampigia kocha, akamwambia Dalton ameharisha, hatakuja mazoezini. Kocha akasema mpe ndizi.

Cliff peke yake ndiye aliyesema kitu. "Yule mtoto anaumwa," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

"Anaumwa nini? Unataka akalishe nguruwe?"

Cliff hakutaka akalishe nguruwe.

Jumamosi uwanja ulijaa. Gord alikaa pembeni juu kabisa na kikombe chake cha karatasi, na Dalton akacheza mechi ya maisha yake, ambayo kwa mtu ambaye haelewi ilikuwa mechi ya kusikitisha. Alizuia kisahani kwa mbavu, akainuka. Akabanwa kwenye kona na watu wawili, akatoka nacho. Kocha akamruka zamu, akakaa wima, akawapigia makofi wenzake. Timu ilikuwa nyuma kwa mabao mengi na yeye bado alirudi kukaba kana kwamba kuna kitu cha kuokoa. Mara moja tu, akitoka uwanjani, aliteleza moja kwa moja kuelekea benchi la wapinzani, akafika mlangoni, akasimama. Watu wakaangua kicheko. Marlys alicheka kwa sauti kuliko wote, na alipogeuka kutazama juu, Gord naye alikuwa anacheka.

Jumapili Gord akaja. Gari aliliacha nje limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande, maana baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Dalton alikuwa chini amelala, au ndivyo Marlys alivyodhani. Nyumba zile zina matundu sakafuni ya kupitishia hewa ya moto, na tundu la jikoni lilishuka moja kwa moja hadi juu ya kitanda cha kijana. Marlys mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa amesikiliza vijana wake kupitia tundu lile. Hakuwahi kufikiri kwamba sauti inashuka pia.

"Anakula?" Gord akauliza.

"Kila kitu. Angekula na sahani."

"Ananuna?"

"Huyu? Hajui kununa. Wanamwita Godoro na anaitika."

Gord akaitikia kwa kichwa, akakata pai ya saskatoon, yale matunda ya porini ya huko, akatafuna. Hakuuliza jingine. Alitazama dirishani, akatazama saa ya ukutani. Mambo yalikuwa yamekwisha na yamekwisha vizuri, na mwanamke mwenye akili angeongeza kahawa akakaa kimya. Lakini Marlys aliiona ile saa, akamkumbuka Evan, akaogopa. Akaona mtoto anamponyoka. Akatoa silaha yake.

"Ngoja nikwambie kitu ambacho hukijui," akasema, akisogeza kiti. "Unajua jana ulikuwa unamtazama mtu gani? Wiki nzima huyo alikuwa hoi. Walimkita ubaoni, kichwa kikamruka! Nimemfungia chumbani gizani, hawezi hata kuona mwanga. Halafu jana akatoka kitandani akakuchezea vile. Wewe uligundua kitu? Hukugundua!"

Gord aliweka uma chini. "Kichwa?"

"Kichwa!" Marlys akasema kwa fahari, kama mama anayetaja alama za mtoto shuleni. "Ametapika ndoo nzima." Ilikuwa nusu ndoo, lakini akishaanza kupiga chuku hakuwa na breki. "Jina la mbwa alilisahau. Maziwa ameweka kwenye oveni. Na hakulalamika hata mara moja! Bobby Krahn na kidole chake cha mguu atasema nini hapo?"

Gord hakucheka. Alijifuta mdomo pole pole, na Marlys kwa mara ya kwanza aliona jinsi mzee yule alivyochoka.

"Ungeniambia mkono, ningekubusu," akasema. "Ungesema mguu, ningekubusu mara mbili. Kichwa sina pa kukipeleka, Marlys. Miaka ile yangu, sawa, tulinusishwa chumvi ya kuzindua tukarudishwa ndani. Sasa hivi timu zina madaktari na mawakili kuliko wachezaji. Nikimleta mtu wa kichwa, na ikajulikana nilijua, mimi ndiye wa kwanza kufukuzwa."

"Basi usiseme kwamba ulijua."

"Na akifia uwanjani je?"

Marlys akamsogezea sahani ya pai.

"Halafu jana," Gord akaendelea, "pale alipokwenda benchi la wapinzani. Mimi nilidhani mtoto mcheshi."

"Gord, nakuomba. Amebakiza mwezi mmoja tu. Ni mtoto wa safu ya nne kabisa, wewe mwenyewe unajua!"

"Najua. Nilishaamua jana, kabla hata kipindi cha tatu hakijaanza. Leo nilikuja kunywa kahawa tu." Akainuka, akashika goti lake. "Ungesema anakula vizuri ukanyamaza, ningeondoka na jina lake."

Alivaa koti lake mlangoni bila haraka. Marlys alibaki ameketi na mikono juu ya meza. Kitumbua cha mtoto alikuwa amekitia mchanga kwa mkono wake mwenyewe, na pai aliyompikia Gord bado ilikuwa ya moto.

Gord hakuwa mtu mbaya kuliko kazi yake. Akiwa ndani ya gari alimpigia daktari wa timu, maana ilimpasa. Halafu aliwapigia wasaka vipaji wenzake wawili watatu, na hilo halikumpasa. Kufikia Jumatatu hakukuwa na timu kutoka Winnipeg hadi Vancouver isiyojua kwamba Hnatiuk wa Prosser ni mtu wa kichwa. Daktari alimpiga Dalton picha za kichwa mjini Saskatoon, na picha zilionyesha kitu kilichomfanya afunge mlango kabla ya kuongea. Pigo jingine moja, alisema, na tungekuwa tunaongea na mama yako peke yake. Hoki imekwisha, hata ya kirafiki, hata ya kwenye bwawa lililoganda na watoto.

Dalton alirudi kufunga mizigo. Tangu Jumapili ile alikuwa hajamwita Marlys Mama, wala kwa jina lolote. Marlys alimkunjia fulana, yeye akazikunjua akazikunja upya. Alipokuwa jikoni simu yake ikalia. Akaongea kidogo, akamnyooshea Marlys ile simu akimtazama usoni.

"Mama yangu anataka kukushukuru."

Marlys akaipokea. Upande wa pili Lesia Hnatiuk alikuwa analia hata maneno hayashikiki.

"Dada yangu, nikupe nini mimi? Daktari kaniambia kila kitu. Kaniambia ni mlezi ndiye aliyesema. Wengine wangeficha! Najua wako wanaoficha ili watoto wacheze. Wewe umeniokolea mwanangu. Mungu akuzidishie, umenisikia? Nitakuombea mpaka nife."

Dalton alisimama pale pale, mkono kwenye kamba ya begi, anangoja. Alikuwa amesikia yote kupitia lile tundu, neno kwa neno, pamoja na ndoo nzima. Marlys alikuwa na nafasi ya kusema kitu.

"Usijali, mwenzangu," akasema. "Angekuwa wangu na wewe ungefanya hivyo hivyo."

Akarudisha simu. Dalton aliipokea, akaitia mfukoni, akamwinamia Biscuit na kumkuna masikio kwa muda, na mbwa naye hakumwita kwa jina lolote. Kisha akatoka na Cliff kwenda kwenye basi.

Cliff aliporudi alimkuta mke wake sebuleni na fremu mapajani, ile aliyoinunua mapema, picha ya Dalton imeshaingia ndani yake, ana jezi na anacheka na pengo. Juu ya televisheni, karibu na Bobby Krahn, msumari ulikuwa umepigiliwa tangu mwezi wa kumi. Cliff akavua glovu zake, akakaa.

"Kama Gord angemchukua," akasema, "daktari ungemwambia lini?"

"Akishasaini."

"Akishasaini si angekuwa anacheza?"

Marlys alifuta kioo cha fremu kwa kiganja. Alingoja labda mume wake atanyamaza kama kawaida yake, lakini Cliff aliendelea kumtazama, akingoja jibu. Marlys akainuka na ile fremu, akachukua nyundo kwenye droo ya jikoni, akaenda korido ya chooni.